Ukitaka Kuandika Kudai Mageuzi ya Fedha

Vijana wananiuliza, kutoka Likoni, Kisauni hata Tanga, waanzeje kuandika juu ya mageuzi ya fedha, yaani kudai mabadiliko katika namna pesa inavyoundwa na nani anaamua iende wapi. Nawajibu wote pamoja.

Anza na mkopo. Dola na dhahabu zisubiri. Chukua dereva wa tuktuk anayekopeshwa shilingi 400,000 na benki. Wengi wanaamini pesa hizo zimechotwa kwenye akiba ya mteja mwingine. Sivyo. Benki inaandika deni upande mmoja wa vitabu vyake, na upande wa pili inaandika kiasi hichohicho kwenye akaunti ya dereva. Hakuna akaunti ya mtu mwingine iliyopungua hata senti. Pesa mpya imezaliwa, na kadiri dereva anavyolipa lile deni, inafutika.

Hapo usiharakishe, maana madai yetu yote yanasimama juu yake: nani aamue pesa mpya iende wapi, kwenye ploti za Nyali au kwenye karakana ya fundi wa Changamwe? Msomaji akibisha, mwonyeshe makala iliyotolewa na Benki Kuu ya Uingereza mwaka 2014 katika jarida lake la robo ya kwanza, iliyokiri wazi kwamba benki zinapokopesha ndipo zinapounda amana, yaani pesa zilizo kwenye akaunti za wateja. Kisha taja na mipaka: benki inabanwa na mtaji wake, kanuni za Benki Kuu na uwezo wa mkopaji kulipa. Ukiificha, mhasibu wa kwanza atakayekusoma atakuumbua, na atakuwa na haki.

Wazee wa pwani watakuelewa haraka ukiwapeleka kwenye historia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na mpaka 1960 makao yake yalikuwa London. Shilingi ilitolewa kwa kuegemea pauni ya Uingereza, basi mkonge na kahawa vikishuka bei ng'ambo, pesa inaadimika huku hata kama mashamba yamezaa. Benki kuu zetu wenyewe zilianza kutoa noti mwaka 1966. Kwa hiyo anayekwambia mfumo wa fedha haubadiliki, mkumbushe kwamba wazazi wetu waliuona ukibadilika.

Halafu leta mfano wa hapahapa. Mei 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianzisha Bangla-Pesa. Zilikuwa hati za kubadilishana bidhaa na huduma baina yao: muuza mboga anamlipa kinyozi, kinyozi anamlipa mwenye maji, na shilingi chache walizo nazo zinabaki kwa karo na kodi ya nyumba. Muda mfupi baadaye watu 6 wakakamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yaliondolewa Agosti mwaka huohuo. Huko Wörgl, Austria, meya Michael Unterguggenberger alitoa hati za mji zitumike kama pesa mwaka 1932, zikalipia vibarua wa barabara, na mwaka uliofuata Benki ya Taifa ya Austria ikazipiga marufuku. Ukisimulia habari hizi, soma kwanza Ibara ya 231 ya Katiba ya Kenya, inayosema nani mwenye mamlaka ya kutoa sarafu. Usimshauri mtu yeyote achapishe kitu kinachofanana na noti.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watakuja watu na hadithi za kabila au dini fulani inayomiliki benki zote duniani. Wafukuzeni mlangoni. Ni chuki, ni uongo, na imeharibu harakati hizi katika nchi nyingi. Watakuja pia wenye sarafu za mtandaoni zinazoahidi faida ya haraka, wakitaka uwaandikie sifa kwa malipo. Miaka ya 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika mipango ya piramidi. Jina lako lisikae karibu na mambo hayo.

Kazi hii hailipi. Mimi naishi kwa kuhariri na kutafsiri, na makala za fedha naandika alfajiri kabla simu hazijaanza kulia. Tafuta kazi isiyokufunga mdomo, na usipokee hela ya mtu anayefaidika na unachokiandika.

Mwisho, dai lako lifike mahali linapoweza kujibiwa. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lishirikishe umma, na mswada wa fedha hutolewa maoni kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni. Andika waraka wa kurasa mbili kwa kamati ya fedha ya Bunge. Taja kifungu unachotaka kibadilishwe, weka maneno mapya unayopendekeza chini yake, eleza nani atalipa gharama. Sahihi za wanachama wa chama cha akina mama au cha bodaboda zina uzito kuliko yako peke yako, kwa hiyo wasomee kwanza waraka wote kabla hawajatia saini. Peleka kabla ya siku ya mwisho, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.