Jinsi ya Kuucheza Uwanja wa Kusini wa Torrey Pines

Uwanja wa Kusini wa Torrey Pines, ulio juu ya majabali yanayotazama Bahari ya Pasifiki huko San Diego, Marekani, ni uwanja wa gofu ulio mali ya jiji, kwa hiyo mchezaji wa kawaida anayelipa ada anaweza kucheza palepale ambapo Tiger Woods alishinda mashindano ya gofu ya U.S. Open mwaka 2008 na Jon Rahm mwaka 2021. Usianzie kwenye alama za kupigia mpira wa kwanza zilizo nyuma kabisa, kwani huko urefu wa uwanja huzidi yadi 7,600.

Ugumu wenyewe umo katika nyasi. Sehemu kubwa ni nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na mchezaji wa Kenya atazitambua mara moja. Mpira ukizama humo, chagua fimbo yenye uso uliolala, ishike kwa nguvu, kisha upige kwa kushuka wima, kwa sababu nyasi hizo huing'ang'ania fimbo na kuigeuza. Ukiwa karibu na shimo, urushe mpira utue kwenye majani mafupi yanayolizunguka shimo, kwa kuwa ukidunda kabla ya hapo hukwama.

Asubuhi yenye ubaridi mpira husafiri kidogo, basi tumia fimbo ndefu zaidi ya uliyozoea. Kwenye shimo la 18, bwawa limekaa mbele ya majani hayo mafupi ya shimo. Kama huna hakika ya kulivuka, pigo fupi la kujiweka sawa ndilo ninalolipendekeza.