Kushusha kolesteroli kwa chakula

Anza na mafuta yanayoganda: siagi, samli, mafuta ya nazi, ngozi ya kuku. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, mafuta ya aina hiyo yasizidi gramu 15 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi kina gramu 7 za mafuta hayo, kwa hiyo viwili tu karibu vimemaliza kiwango chote.

Wengi hukosea hapa: wanaacha siagi, wanajaza pengo kwa mkate mweupe na sukari, kisha trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu) zinapanda. Badala yake tumia mafuta ya alizeti au zeituni, karanga zisizo na chumvi, na samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki.

Kila siku kula maharage, dengu au uji wa oti. Gramu 75 za oti kavu zinatosha. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo utumboni na kutoka nayo, hivyo ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine.

Trigliseridi zikiwa juu, acha kwanza soda, juisi na pombe.

Pima tena baada ya wiki 6 hadi 12. LDL (kolesteroli mbaya) ikifika 190 mg/dL, chakula peke yake ni nadra kutosha. Tafadhali usiache dawa bila daktari.