Anza na Vitendo Kabla ya Wahusika
Ukitaka kuichambua filamu pendwa kwa nadharia ya Vladimir Propp, usikimbilie kuwapachika wahusika majina ya shujaa na jahili. Orodhesha kwanza vitendo kwa mfuatano wake, kisha ujiulize kila kimoja kinaisukumaje hadithi mbele. Propp, aliyechunguza ngano za Kirusi na kuchapisha kazi yake mwaka 1928, alibainisha majukumu 31, yaani vitendo vinavyoisukuma hadithi, na nyanja 7 za utendaji, yaani nafasi kama shujaa, jahili (adui wa shujaa), msaidizi, mtumaji na mtoaji, na jambo ambalo wachambuzi wengi hulipuuza ni kwamba mhusika mmoja anaweza kushika nyanja zaidi ya moja. Chukua Star Wars ya mwaka 1977: Leia huonekana upesi kuwa binti mfalme anayesubiri kuokolewa, lakini ujumbe alioupachika ndani ya roboti R2-D2 ndio unaoanzisha safari ya Luke, shujaa wa filamu, kwa hiyo Leia ni mtumaji pia, yule anayemtuma shujaa safarini. Obi-Wan, mzee anayemwongoza Luke, anapomkabidhi upanga wa baba yake, ni mtoaji wa kawaida kabisa, yaani anayempa shujaa kifaa cha kumsaidia, wala hapo hapahitaji maelezo marefu. Kwa tamthilia ndefu za televisheni, rudia zoezi hili kipindi kwa kipindi, maana msaidizi wa leo huenda akawa jahili wiki ijayo.