Matiti Yaliyoachana: Namna ya Kutengeneza Bonde la Kifua Chini ya Gauni

Mteja akishaingia kwenye chumba changu cha cherehani hapa Mji wa Kale na kuvua buibui, husimama mbele ya kioo, akayabana matiti yake kwa viganja viwili, akaniambia: "Fundi, nataka yakae hivi." Kisha huachia mikono, kila moja likarudi upande wake, na uso ukamnyong'onyea.

Nashona magauni ya harusi, na zaidi ya kesha, ile shughuli ya harusi ya wanawake peke yao. Asiyeijua Mombasa hudhani mwanamke wa buibui hana haja na shingo ya gauni. Aje kesha! Simu zinaachwa mlangoni, na macho ya wanawake wenzako yanakagua kila mshono. Kwa hiyo swali la bonde la kifua naliulizwa kila msimu, nami nalijibu kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Soma kifua chako kwanza

Vua, simama wima mbele ya kioo, mikono chini. Weka vidole katikati ya kifua, uhesabu vingapi vinaingia kabla ya kugusa mwanzo wa titi. Wengine ni kidole kimoja, wengine ni vitatu, na wengine kiganja karibu kizima. Hakuna hesabu ya haki hapo.

Nafasi hiyo imepangwa na mfupa wa kidari na mahali titi lilipoota juu ya mbavu. Mwenye kidari kipana, au kifua kilichochomoza mbele, matiti yake hutazama pembeni. Titi lenyewe ni mafuta, tezi za maziwa na nyuzi za kulishikilia. Halina msuli ndani yake. Msuli uko nyuma yake, na ukipiga pushapu kila alfajiri msuli huo utanenepa, kifua cha juu kijae kidogo, lakini titi halitahama hata nusu inchi. Krimu za kukandia nazo usizinunue kwa ajili hii. Hakuna mafuta yanayosogeza mfupa.

Angalia pia chuchu zinaelekea wapi, mbele au kwapani. Likumbuke hilo, nitalirudia nikifika kwenye upasuaji. Na angalia kama titi moja ni kubwa kuliko lenzake. Takriban kila mwanamke niliyempima ana tofauti kidogo. Lakini tofauti iliyoanza juzi, uvimbe, ngozi iliyobonyea au chuchu iliyoingia ndani ghafla si kazi ya fundi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Pima upya, hata kama unajua saizi yako

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu nusu ya "matiti yaliyoachana" ninayoletewa ni sidiria iliyopwaya.

Pitisha tepu chini ya matiti, ikae sawa mgongoni, toa pumzi, kaza. Tuseme umepata inchi 33. Peleka kwenye namba shufwa inayofuata juu yake, 34. Huo ndio ukanda. Sasa inama kidogo mbele, pima mahali kifua kilipojaa zaidi bila kubana. Tuseme 38. Toa 34 kwenye 38, zinabaki 4. Inchi moja ni kikombe A, mbili B, tatu C, nne D. Wewe ni 34D.

Ukimwambia hivyo bi harusi mwembamba, atacheka. "Mimi? D? Mimi navaa 38B!" Na hapo ndipo penye siri. Vikombe vya 34D, 36C na 38B vinabeba nyama kiasi kilekile, maana herufi peke yake haina maana bila namba iliyo mbele yake. Alipoona kikombe kinambana dukani, alipewa ukanda mkubwa zaidi badala ya herufi kubwa zaidi. Kikombe kikamtosha, lakini ukanda ukazidi inchi nne. Vikombe vya ukanda mpana hukaa mbalimbali, kipande cha kati hakigusi kidari, na matiti yanateleza kuelekea kwapani. Halafu analaumu maumbile.

Kwa wanaochambua mitumba soko la Kongowea: ukiona 75D usiitupe. Hiyo ni ya Ulaya, na 75 yao ni 34 yetu. 70 ni 32, 80 ni 36. Ya Kifaransa huongeza 15 juu ya hiyo, kwa hiyo 90 ya Ufaransa ni 34 vilevile. Nyingine zina lebo yenye namba zote pamoja. Ila ya mtumba vuta ukanda wake kwanza: mpira ukiwa umelegea, hata saizi ikiwa sawa haitakusaidia.

Hatua ya 3: Sidiria ya kusogeza, si ya kuinua tu

Sidiria inayofunika titi lote imeundwa kuyatenganisha. Ile ya kikombe kifupi kilichokatwa mlalo huinua juu, lakini haileti kati. Unayoitaka ni ile ambayo kipande cha kati kiko chini sana, shingo yake imekatwa kama V, na sponji yake imejaa *upande wa nje na chini* ya kikombe. Ipapase kwa vidole kabla ya kulipa. Sponji iliyotapakaa sawa kikombe kizima inaongeza ukubwa tu, na matiti yaliyoachana yakiwa makubwa zaidi yanabaki yameachana.

Kuivaa nako kuna ufundi. Funga kulabu za nje kabisa ikiwa ni mpya, maana za ndani ni akiba ya siku mpira utakapolegea. Inama. Ingiza mkono wa kulia ndani ya kikombe cha kushoto, ufike hadi kwapani, uizoe ile nyama iliyokimbilia huko na kuileta mbele. Fanya na upande wa pili. Nyanyuka, kisha kaza mikanda ya mabega. Wako wateja waliopata bonde kwa hatua hii peke yake, wakaondoka bila kunilipa chochote zaidi ya ahsante. Biashara mbaya, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 4: Plasta ya kifua

Kwa gauni lisilo mgongo, ambalo sidiria haivaliki. Tumia plasta ya kitambaa cha pamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kubandikwa kwenye ngozi, upana wa sentimita 5 au 7.5. Nasema hivi kwa majuto: miaka ya mwanzo nilimfunga binamu yangu kwa gundi ya kufungia maboksi, mwezi wa Februari, jasho likimtiririka. Tulipoibandua alfajiri, ngozi ilitoka nayo, akakaa fungate akipakwa dawa.

Siku moja kabla, bandika kipande kidogo ndani ya mkono. Kikiwasha, acha. Anayenyonyesha au mwenye kidonda asitumie. Siku yenyewe ngozi iwe kavu, bila mafuta, udi wa kujipaka wala poda. Funika chuchu kwa pamba. Halafu mtu wa pili alishike titi mahali linapotakiwa kukaa, nawe ulaze plasta juu yake *bila kuivuta*. Kinachobeba titi ni mkono, na plasta kazi yake ni kulizuia hapo hapo. Ukiivuta kama mpira, ngozi itafanya malengelenge.

Njia ya plasta inategemea shingo ya gauni. Gauni lisilo na mabega: anzia ubavu mmoja, pita chini ya matiti yote mawili hadi ubavu wa pili, kama rafu. Bonde litatokea vizuri. Gauni la V iliyozama: hapo katikati panaonekana, kwa hiyo kila titi linapandishwa peke yake kuelekea bega, na ukweli ni kwamba hutapata mstari wa matiti kugusana. Kwa V ya namna hiyo mimi humshauri mwenye nafasi pana aiache nafasi yake na aning'inize kidani hapo. Dhahabu hukaa vizuri zaidi penye uwazi.

Usilale nayo. Ukirudi nyumbani, lowesha plasta kwa mafuta ya nazi, subiri dakika kumi au zaidi, kisha ibandue taratibu.

Hatua ya 5: Vikombe vya ndani ya gauni

Mwambie fundi wako apime chuchu hadi chuchu. Ikiwa ni inchi 8, mimi hushona vikombe kwa 7, yaani kila titi linaingia nusu inchi. Zaidi ya hapo nyama itachomoza kwapani na itaonekana kwenye picha. Upande wa nje wa kikombe naweka kipande cha sponji cha pembetatu, na mishono ya mbavu naitia mifupa ya plastiki. Kisha, na mafundi wengi huliruka hili, nashona utepe mgumu ndani kiunoni unaofungwa kwa kulabu kabla ya zipu. Huo ndio unaobeba uzito wa gauni. Bila huo utakesha ukivuta gauni juu.

Poda ya kivuli katikati ya kifua husaidia kwenye picha, lakini kwa jasho la kaskazi itahamia kwenye gauni jeupe. Mimi siipendi.

Hatua ya 6: Ukiwa unafikiria upasuaji

Mimi si daktari. Nimewavisha waliofanyiwa, nimewasikiliza, na haya ni ya kwenda kumuuliza daktari wako.

Vifuko vya silikoni vinavyowekwa ndani ya titi vimekuwepo tangu 1962, vya kwanza vikiwekwa Houston. Vinaongeza ukubwa, lakini vinafuata pale titi lilipo. Daktari akilazimisha kuvisogeza kati mno, ngozi inaweza kung'oka juu ya kidari, matiti yakaungana kama moja, na kurekebisha hilo ni kazi ngumu. Na zile chuchu za kwapani nilizokutaka uzikumbuke: kifuko kikisukumwa ndani, chuchu huzidi kutazama nje.

Njia nyingine ni kutoa mafuta tumboni au mapajani na kuyadunga ukingo wa ndani wa titi. Hii inalenga nafasi yenyewe, ila sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili, pengine ukarudia tena, na huweza kuacha vijiuvimbe ambavyo daktari wa picha za matiti lazima aambiwe asili yake.

Uliza kifuko ni cha aina gani. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya BIOCELL, vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ya saratani adimu iliyohusishwa navyo. Uliza nani atakufuatilia: mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri mwenye vifuko vya silikoni apigwe picha ya kwanza miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3, hata kama hahisi chochote. Vifuko si vya maisha. Jina la daktari lihakikishe kwenye orodha ya baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, ambayo iko wazi mtandaoni. Na anayekuambia atakudunga silikoni ya maji sebuleni kwake, vaa viatu uondoke.

Ukiamua kufanya, usinipe kitambaa kwanza. Uvimbe huchukua miezi kushuka, na gauni nililolikata kwa vipimo vya zamani haliongezeki inchi tatu kifuani. Subiri daktari akuambie umbo limetulia, ndipo uje na sidiria na viatu utakavyovaa siku hiyo, tupime upya.