Kabla hujaapply community college Marekani

Jamani mnaotaka community college (chuo cha miaka miwili) Marekani, jua kwanza wewe ni mwanafunzi wa aina gani. Ukitokea nyumbani kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi) lazima chuo kikupe I-20, yaani fomu ya chuo ya kuombea viza hiyo, na hawatoi mpaka waone steitimenti ya benki yenye hela ya mwaka mzima, alafu kuna ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350. Ila kama uliingia kama mkimbizi I-20 haikuhusu kabisa, wewe tafuta I-94 yako (rekodi ya kuingia Marekani) iliyoandikwa Refugee ujaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, una haki nayo, wengi wanatoa hela mfukoni bila sababu na inaniuma sana. Unayehama chuo, transkripti (rekodi ya alama zako) itumwe na chuo chenyewe, usibebe mkononi. SAT (mtihani wa kuombea chuo) kwa kawaida hawaulizi.