Kumrudisha Kazini Aliyetoka Gerezani: Mwongozo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Ndugu yako anapokaribia kumaliza kifungo, mtembelee na umuulize kwa undani ni kazi gani aliyoishika akiwa ndani. Wengi hurudi uraiani wakiwa wamejifunza useremala, uashi au ushonaji, lakini kwa kuwa hawana karatasi, ujuzi huo hauhesabiwi, na familia humtafutia fani mpya kana kwamba hajui lolote. Huko ni kumpotezea muda.

Mpeleke kwanza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina vyuo Mtwara na Lindi, mkaulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa utaratibu huo fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kabla ya hapo shughulikieni namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na barua ya serikali ya mtaa. Kama ametoka kwa Parole, yaani ameachiwa kabla ya kumaliza kifungo kwa masharti, ratiba ya mafunzo ioneshwe mapema kwa afisa anayemsimamia, kwa maana kuvunja masharti kunaweza kumrudisha gerezani.

Asiye na fani kabisa achague kwa kuangalia msimu. Huku kwetu Kusini fedha hufuata korosho: mikorosho hupuliziwa dawa ya salfa katikati ya mwaka, na minada huanza kwenye Oktoba. Anayejua kutengeneza mashine za kupulizia hutafutwa na wakulima kabla ya mavuno, ilhali mwashi hupata kazi nyingi zaidi baada ya wakulima kulipwa na kuanza kujenga.

Jambo gumu kuliko yote ni kumpata fundi atakayempokea katika karakana yake. Mwambieni ninyi wenyewe ukweli kwamba kijana ametoka gerezani, kabla hajausikia kijiweni, kwa sababu akiujua kwa watu wengine atahisi amedanganywa hata kama kijana ni mwaminifu. Andikianeni makubaliano yanayotaja saa za kazi, posho na nani anatunza vifaa. Mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Zaidi ya hao, mtaa mzima hauhitaji kuelezwa.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa maoni yangu, asiingizwe kwenye deni la kikundi kabla kazi haijatulia. Mnunulieni vifaa vichache vya kuanzia, vyenye ubora, naye avitunze mwenyewe.