Jinsi ya kuchambua muvi ya mashujaa wengi bila kuishia kusema "kali" au "mbovu"

Watu wengi wakimaliza kuangalia muvi iliyokusanya mashujaa kibao kwenye timu moja utasikia "kali sana" au "takataka", basi, imeisha, ukiwauliza kali kwenye nini wanakutajia kipande kimoja cha ngumi. Mi naamini hizi muvi zinastahili zaidi ya hapo, maana kuwabeba masteringi sita kwenye stori moja ni kazi nzito kuliko kumbeba mmoja, na ukishajua uzito uko wapi ndo unaanza kuona kwa nini moja inakukaa kichwani miaka na miaka na nyingine unaisahau fasta. Halafu humu nataja mpaka miisho, kwa hiyo kama hujaziona ujue.

Kwanza iangalie mara mbili. Ya kwanza angalia kama shabiki, shangilia, usiandike chochote. Ya pili ndo ya kazi, kwa sababu mwisho ushaujua na sasa macho yako yapo huru kuona ilivyojengwa. Andika dakika ambayo timu inakutana kwa mara ya kwanza, dakika wanayogombana, na dakika wanayoanza kufanya kazi pamoja, hizo tatu tu zitakuonyesha muvi imetumia wapi muda wake.

Sasa kipimo ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote: mtoe shujaa mmoja mmoja kichwani uone stori inaanguka au inaendelea tu. Chukua The Avengers ya 2012. Natasha, yule jasusi Black Widow, hana nguvu yoyote ya ajabu, harushi radi, hapai, lakini ndo anayemhoji Loki, adui wa muvi, mpaka jamaa anajisahau na kuonyesha kwamba mpango wake unamhusu Banner, mwanasayansi anayegeuka Hulk, na mwishoni ndo anayelifunga lile lango angani wanakopitia maadui. Mtoe Natasha, muvi imekufa. Halafu mwangalie Hawkeye, yule mpiga mishale, muda mrefu yupo chini ya udhibiti wa Loki, macho yamebadilika rangi, hana maamuzi yake mwenyewe, kwa hiyo akirudi kundini tunaambiwa ni rafiki wa Natasha na inabidi tuamini tu. Hapo ushapata nguvu moja na udhaifu mmoja kwenye muvi hiyohiyo, na umeweza kusema kwa nini, ambacho ndo uchambuzi wenyewe.

Cha pili ni ugomvi wa ndani. Timu ikikubaliana haraka hakuna stori. Kile kipande cha maabara ndani ya ile meli inayopaa, Stark (Iron Man) na Rogers (Captain America) wanarushiana maneno, Thor, yule wa radi, anawadharau wote, na Banner ameshika fimbo ya Loki bila kujua kama ameishika, mi naona ndo moyo wa muvi nzima, kuliko hata vita ya New York. Hapo hakuna ngumi inayorushwa lakini tayari unajua nani anamwamini nani na nani anaogopa nini. Ukiwa unachambua muvi yoyote ya aina hii tafuta kipande chake cha namna hiyo, na usipokipata andika, huo ni udhaifu mkubwa hata kama milipuko ni mizuri kiasi gani. Angalia pia ugomvi unatoka wapi: unatoka kwenye tabia zao, au mwandishi kawagombanisha tu kwa sababu muda wa kugombana umefika?

Kwenye kutambulisha wahusika kuwa makini usiwe mwepesi wa kusamehe. Avengers ilikuja baada ya muvi tano kuanzia Iron Man ya 2008, kwa hiyo wengi wao tulishawajua. Justice League ya 2017 ilikuwa na saa mbili tu na ilibidi imtambulishe Flash, Aquaman na Cyborg, hapo hapo imfufue Superman, hapo hapo ilete adui mpya, ikabanwa. Watu wanasema basi kosa ni kukosa muvi za kutangulia. Hapana! Guardians of the Galaxy ya 2014 ilikuwa na watu watano ambao watazamaji wengi hawakuwa na habari nao, lakini wanne kati yao wanavyokamatwa tu, kila mmoja anapitishwa mbele ya polisi na rekodi yake inasomwa, muda mfupi sana na ushawaelewa. Na X-Men ya 2000 ilituingiza kwenye ile shule ya watu waliozaliwa na nguvu za ajabu kupitia Rogue na Logan, wageni kama sisi. Kwa hiyo njia zipo, swali ni kama muvi imetafuta njia.

Adui sasa. Jiulize anataka nini, na yuko tayari kupoteza nini. Thanos wa Avengers: Infinity War, 2018, anamtoa Gamora, binti aliyemlea, sadaka kwenye sayari ya Vormir na analia, unamchukia na bado unamwelewa, na muvi inamfuata yeye kama vile ndo steringi. Steppenwolf, adui wa Justice League ya 2017, anataka maboksi matatu, basi. Kuna tatizo lingine linalojirudia, jeshi lisilo na sura: Chitauri, lile jeshi la Loki kwenye The Avengers, wanakuja maelfu, meli mama ikilipuliwa wote wanadondoka kwa mpigo. Nalisema hili kwenye muvi ninayoipenda, kwa sababu kupenda muvi hakukuzuii kuona pale ilipojirahisishia kazi. Zemo wa Captain America: Civil War ya 2016 hana jeshi wala nguvu, anachofanya ni kuwafanya marafiki wamalizane wenyewe, na mimi namweka juu ya wengi wenye majeshi.

Kwenye mapigano usiandike "mapigano makali". Andika kama ulijua kila mtu yuko wapi. Captain kule New York anagawa kazi kwa sauti, Hawkeye juu ya jengo, Stark azuie pembeni, Thor kwenye lango, Hulk avunje, kwa hiyo vurugu yote inayofuata unaielewa. Andika pia kama nguvu zao zinaungana, kama Stark anavyopiga mwali wake kwenye ngao ya Captain ukaruka kuwafyeka maadui. Na andika gharama: kwenye Civil War, uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle, watu sita kwa sita wanapigana huku wanataniana, raha tupu, mpaka Rhodes, rafiki wa Stark, anadondoka kutoka angani na kupooza miguu, kwa mwali wa mtu wa upande wake mwenyewe. Bila hilo ingekuwa mchezo tu.

Kabla hujamlaumu mtu, jua kilichotokea nyuma ya kamera. Mwongozaji Zack Snyder aliiacha Justice League mwaka 2017 baada ya kufiwa na binti yake, mwongozaji mwingine, Joss Whedon, akaimalizia, na toleo la Snyder lilipotoka 2021 lilikuwa na dakika 242. Yaangalie yote mawili ukimfuatilia Cyborg peke yake, utaona kijana aliyeonekana hana maana kumbe alikuwa na stori nzima na baba yake, ila ilikatwa. Aliyemwita Ray Fisher, aliyemcheza Cyborg, mwigizaji dhaifu mwaka 2017 alikuwa anamlaumu mtu kwa kazi ya mkasi.

Mauzo yaache pembeni. Suicide Squad ya 2016 iliingiza zaidi ya dola milioni 700, wachambuzi wengi waliiponda, na bado ikabeba Oscar ya vipodozi na nywele, yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja.

Ukikaa kuandika anza na kipande kimoja ulichokiona kwa macho yako, eleza kinafanya nini, ndo upanue kwenda kwenye muvi nzima. Usijilazimishe mazuri matano na mabaya matano, kama udhaifu ni mmoja ila umeivunja muvi yote, tumia aya tatu juu ya huo mmoja. Na mwambie msomaji wazi kama anahitaji kuangalia zilizotangulia au anaweza kuingia moja kwa moja, maana hilo ndo swali la kwanza atakalokuuliza.